Nilivyowashika watoto wa elfu mbili bila kuwanyang'anya simu

Niseme mapema: ili vijana wa fildi waache kuzama kwenye simu na washike kazi, sikununua vishikwambi, sikuweka waifai, wala sikuanzisha kundi la WhatsApp la kuamshana asubuhi kwa maneno ya matajiri. Hayo yote alitushauri jamaa mmoja mwenye tai kwenye semina Iringa mjini, na kiingilio tulilipa. Mfanyabiashara mwenzangu yeye alisema dawa ni boksi getini: kijana akifika anatumbukiza simu, anaichukua jioni. Akafanya kweli. Vijana wake wakaanza kuja na simu mbili mbili, ile mbovu ndiyo inaingia boksini.

Mimi nina yadi ya magogo Mafinga. Nanunua miti ya misindano na milingoti kwa wakulima, napasua kwa dingidongi, ile mashine ya kupasulia magogo, mbao zinashuka Dar. Kila mwaka napokea vijana wa fildi. Shikamoo zao safi kabisa, kisha shingo inainamia kioo. Ukimwambia apime gogo anapima, aandike anaandika, ila akili haipo. Nikajiuliza, mtoto anayekesha ili apite hatua moja ya gemu anashindwaje na gogo? Nikaona hapa kwangu hana wa kushindana naye, basi.

Nikawachokoza. Ilikuwa Julai, baridi ile ya kwetu ukifungua mdomo unatoka moshi. "Wanangu, nyie na simu zenu, mimi na macho yangu. Tupime mzigo huu. Atakayekosea zaidi ananunulia wote chipsi mayai." Wakacheka. Binti mmoja, mdogo kuliko wote, akatengeneza jedwali la Excel kwenye simu palepale: unaingiza mzingo na urefu, linakutolea ujazo. Nilifurahi moyoni, usoni nikanuna.

Gogo la kwanza: mita 4, mzingo shinani sentimita 126. Simu ikasema nusu mita ya ujazo. Nikasema, "Hapo haifiki hata 0.4." Wakanizomea! Nikawaacha, nikaomba chai, nikanywa taratibu huku wanapima mzigo mzima na jumla inazidi kunona. Kikombe kilipoisha nikamwambia binti, "Mama, zunguka upande wa pili, pima ncha."

94.

Hakuna aliyezomea tena. Gogo si bomba: shinani kipenyo kilikuwa kama sentimita 40, nchani 30, na simu ilikuwa imelihesabu 40 mwanzo mwisho. Ukichukua eneo la ncha zote mbili, ukatafuta wastani, ukazidisha kwa urefu, unapata 0.39 hivi. Muuzaji wa msituni analijua hilo vizuri, ndiyo maana mgeni humpimisha shinani na kumsifia mti.

Chipsi walinunua. Ila raha yangu ilikuwa kesho yake, binti alipokuja macho mekundu. Amekesha mtandaoni, ananiambia hesabu ya ncha mbili ni kanuni ya Smalian, na ipo nyingine ya Huber, unapima katikati ya gogo mara moja tu, unaokoa muda. Kumbe ninachofanya kwa macho miaka yote kina jina la Mzungu! Nilijivuna wiki nzima. Akaniambia pia eneo la duara alilikariri shuleni bila kujua ni la nini. Walimu mtakaonijibu kwamba shuleni simu haziruhusiwi, sawa, lakini tepu na gogo nani amevikataza?

Mkitaka kujaribu na vijana wenu, glavu zao zikateni kidole kimoja, maana kioo hakisikii glavu, na utomvu wa msindano ukikauka kwenye simu mtalaumiana. Bando nawawekea mimi, elfu chache kwa wiki, sioni uchungu. Na msiwaachie washinde siku ya kwanza, watawadharau.

Sasa binti kahamia kwenye gome. Anasema nanunua maganda kwa bei ya mbao, kwa hiyo jedwali lake linakata unene wa gome kwanza, na anabandua mwenyewe kwa panga kuhakikisha. Siku hizi mtu akinipigia kwamba ana shamba la kuuza, anauliza kwanza kama nakuja na yule binti wa simu. Namjibu anakuja. Bei inaanza kushuka hata gari sijawasha.