Buti za babu

Leo 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Nimekaa na babu tunaangalia kwenye runinga mkuki na ngao vikiwekwa mnarani. Lilipopigwa baragumu akajaribu kusimama. Goti likagoma, nikamshika kiwiko.

Babu alipigana Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Usimuulize habari za risasi, hatakujibu. Atakusimulia mvua, matope, na mwendo wa miguu kutoka Mutukula kwenda Masaka na buti zilizolowa mpaka soksi zikagandana na ngozi. Kampala ilipoanguka, Aprili 1979, anasema yeye alikuwa anatafuta chumvi tu! Sijui kama ni utani.

Mdogo wake hakurudi. Amelala Kaboya, kule Muleba, pamoja na wenzake. Mwaka juzi tulimpeleka babu. Alipita mstari kwa mstari, akalipata kaburi, akavua kofia, akafuta vumbi kwa leso yake. Kisha akamwambia, kama anayezungumza na mtu aliyechelewa chakula, "Mama alikungoja sana."

Sisi wajukuu tulijifanya tunaangalia migomba.

Shikamoo babu. Buti nimeshazipiga kiwi, ziko chini ya kitanda chako.