Bwawa la nyumbani na ukijani usiosikia dawa: kumbukumbu ya mradi wangu

Hali niliyoikuta

Bwawa lina urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani wa mita 1.5. Ukizidisha unapata lita 48,000. Tarakimu hiyo nimeiandika kwa kalamu nene ukutani mwa chumba cha pampu, kwa sababu kila dozi ya dawa inaanzia hapo.

Nyumba iko Mbezi Beach, Dar es Salaam, na bwawa lilikuja na nyumba. Tulipohamia maji yalikuwa rangi ya mlenda na ngazi ya chuma ilikuwa inateleza vibaya. Utaratibu wa waliotutangulia ulikuwa vidonge viwili vikubwa vya klorini kwa wiki kwenye kikapu cha skima (tundu la ukingoni linalonyonya maji ya juu), na maji yakibadilika rangi wanamwaga poda. Yanatakata kidogo, halafu kijani kinarudi. Kilichonikera zaidi ni madoa meusi kwenye maungio ya vigae, upande wa magharibi ambako mwembe wa jirani unatia kivuli mchana kutwa. Kwa kidole hayatoki, na kwa brashi ya nailoni yanafifia tu.

Jambo la kwanza nililofanya halikuhusu maji. Kwenye stoo, ndoo ya poda na kopo la vidonge vilikaa bega kwa bega, na chota moja ilitumika kwa vyote viwili. Poda ni hipokloriti ya kalsiamu. Vidonge ni klorini ya aina nyingine kabisa. Vikigusana, hasa pakiwa na unyevu, vinaweza kuwaka moto au kulipuka. Sasa poda iko stoo, vidonge viko banda la nyuma, na kila kimoja kina chota yake.

Vipimo

Kisanduku cha kupimia nilichokikuta ni kile cha matone yanayofanya maji kuwa ya njano. Kinapima klorini yote kwa jumla, inayofanya kazi na iliyokwisha kuchoka, kwa hiyo hakikunisaidia. Nikaagiza kile cha kuhesabu matone: unatia unga kidogo wa kipimo chenyewe kwenye sampuli, maji yanageuka waridi, kisha unadondosha tone baada ya tone mpaka rangi ipotee.

Klorini huru (ile ambayo haijachoka): miligramu 6 kwa lita. pH (kipimo cha uchachu wa maji): 6.9.

Lebo ya vidonge inasema 1 hadi 3 inatosha. Mimi nina 6, na mwani, yaani huo ukijani wenyewe, unastawi bila wasiwasi. Hapo nikaona lazima nipime stebilaiza, yaani asidi ya sayanuriki, ambayo imo ndani ya vidonge vyenyewe.

Kipimo chake kinapendeza kukifanya. Unachanganya maji ya bwawa na dawa yake nusu kwa nusu, unatikisa, na mchanganyiko unapata ukungu mweupe. Unasimama nje, jua likiwa mgongoni, umeshika mrija usawa wa kiuno. Chini ya mrija kuna kidoto cheusi. Unamimina taratibu huku unachungulia kwa juu, na pale kidoto kinapopotea unasoma mstari. Kadiri stebilaiza ilivyo nyingi ndivyo kinavyopotea mapema. Changu kilipotea kabla maji hayajafika mstari wa 100, ambao ndio wa chini kabisa. Ikabidi nizimue sampuli kwa maji ya bomba nusu kwa nusu na kurudia. Ikasoma 80. Zidisha kwa mbili: miligramu 160 kwa lita.

Stebilaiza yenyewe si adui. Kwa jua letu hili, klorini isiyo na kinga inaweza kuisha karibu yote ndani ya saa mbili za mchana. Stebilaiza inaikumbatia klorini ili jua lisiitafune. Lakini ikizidi, inaikumbatia mno: kipimo kinakuonyesha klorini ipo, ila iliyo tayari kuua mwani ni chembe. Na yenyewe haichakai kwa haraka kama klorini. Kidonge cha gramu 200 kwenye bwawa langu kinaleta klorini karibu 3.8, na pamoja nayo stebilaiza kama 2.3. Klorini inatumika na kuisha, stebilaiza inabaki. Vidonge viwili kila wiki, mwaka mzima, na sehemu inayopotea kwa maji ya kuosha chujio: hiyo 160 haishangazi.

Kanuni ninayoifuata ni hii: kuzuia mwani, klorini huru isishuke chini ya asilimia 7.5 ya stebilaiza. Kuua mwani uliokwisha kushamiri, ipande hadi asilimia 40 na ishikiliwe hapo. Kwa 160, kuzuia tu kunahitaji 12, na kuua kunahitaji 64. Hiyo 64 ni karibu kilo 5 za poda kwa mkupuo mmoja, halafu uendelee kuongeza kila inaposhuka. Siyo kwa mfuko wangu.

Mzee jirani na mrututu

Mzee mwenye mwembe alichungulia ukutani akanikuta nachezea mrija.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unahangaika na vichupa vya nini? Tia mrututu, kesho unaona mpaka chini."

Hakukosea kabisa. Shaba iliyomo kwenye mrututu inaua mwani kweli, na mabwawa mengi ya mjini yanaendeshwa hivyo. Shida ni kwamba shaba haiondoki. Klorini ukizidisha, jua litaipunguza. Shaba inabaki majini, na pH ikipanda inajibandika kwenye saruji na kuacha madoa ambayo kuyatoa ni kazi nyingine. Tena haifai kuachiwa kazi ya kuua vijidudu vya magonjwa peke yake, kwa hiyo klorini utaitia tu. Nikamwambia nitajaribu kwanza njia ya maji. Akacheka: "Haya, mwenye bwawa wewe."

Kupunguza maji

Dawa ya stebilaiza iliyozidi ni kumwaga maji na kuingiza mapya. Sikulikausha bwawa lote. Huku kwetu pwani maji ya ardhini yako karibu, hasa masika, na bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini hadi likapasuka au kuinuka. Nilimwaga nusu, nikajaza, nikaacha pampu ichanganye, kisha nikamwaga nusu tena. Hesabu yake ni rahisi: 160 inakuwa 80, 80 inakuwa 40. Kabla ya kumwaga niliacha klorini ishuke, kisha nikayatoa maji polepole ili mtaro usifurike.

Kujaza ndiko kulikouma. Maji ya kisima chetu yana chumvi na kutu, na kutu ikikutana na klorini maji yanageuka kahawia. Nikanunua ya boza. Bei sitaiandika, mama watoto anasoma hapa.

Baada ya yote hayo: stebilaiza 40, pH 7.5. Sasa shabaha ya klorini, asilimia 40 ya hiyo 40, ni 16, na kwa lita 48,000 hiyo ni kilo 1.2 hivi ya poda ya asilimia 65. Hiyo naiweza.

Kuishikilia 16

Dozi ya kwanza niliitia jua likizama. Poda naikoroga kwenye ndoo iliyokwisha kujazwa maji (poda ndani ya maji, kamwe si maji juu ya poda), naacha chokaa ituame, kisha namwaga maji ya juu mbele ya tundu linalorudisha maji bwawani huku pampu inazunguka. pH niliirekebisha kabla, kwa sababu klorini ikipita 10 kipimo cha rangi cha pH kinadanganya.

Asubuhi maji yalikuwa ya kijivu. Hiyo ni dalili nzuri, mwani umekufa ila bado unaelea. Klorini ilikuwa imeporomoka hadi 5, maana ilikuwa inaliwa. Nikairudisha 16, na mchana hivyo hivyo, na jioni hivyo hivyo. Siri ya kazi hii ni kutoiacha ishuke na kukaa chini, kwa kuwa mwani ukipata nafasi ya usiku mmoja unarudi kuzaana. Presha ya chujio la mchanga ikiwa safi inasoma baa 0.8, ikifika 1.1 napiga bekiwoshi, yaani nayarudisha maji kinyume ili kuosha mchanga. Siku za mwanzo ilikuwa inafika huko upesi mno, na kioo kidogo cha kutazamia kilikuwa kinatoa uji wa kijani kabla ya kutakata. Pampu inakula uniti nane au tisa kwa saa nane, na mimi niliiwasha usiku na mchana. LUKU ilipiga kelele.

Katikati ya kazi umeme ukakatika usiku kucha. Kwa kuwa pampu ilikuwa imekwisha kusimama, nikatumia nafasi hiyo kutia shabu iliyoyeyushwa. Inakusanya uchafu mwembamba na kuushusha chini maji yakiwa yametulia. Asubuhi sakafu ilikuwa na zulia la kijivu. Nikalipiga vakyumu taratibu, vali ikiwa kwenye kumwaga nje na si kwenye chujio, kwani shabu huziba mchanga. Maji yakapungua kidogo, lakini kwa mara ya kwanza niliona skrubu za mfuniko wa tundu la chini.

Mwani unakojificha

Maji yalikuwa safi, lakini kipimo cha usiku kilikataa. Kipimo hicho unakifanya hivi: unapima klorini jua likishazama, unapima tena kabla halijachomoza. Usiku hakuna jua la kulaumiwa, kwa hiyo ikishuka zaidi ya 1 kuna kitu hai kinaila. Yangu ilishuka kwa 3.

Nilizima umeme wa taa kwenye swichi kubwa, nikafungua skrubu ya juu ya taa ya ndani ya maji na kuivuta kwa waya wake hadi ukingoni. Nyuma yake, kwenye tundu ambalo maji hayazunguki, palikuwa na utando wa kijani wa unene wa kidole. Mwingine ulikuwa kwenye mashimo ya ngazi, na mwingine nyuma ya kifuniko cha skima. Hizo ndizo zilikuwa mbegu za kila wiki. Nilivisugua vyote kwa brashi ya chupa, na taa nikaiacha ining'inie ukingoni ili klorini iingie tundu lote. Usiku uliofuata ilishuka kwa 0.5.

Madoa meusi

Haya ni habari nyingine. Watu tunayaita mwani mweusi, lakini kibiolojia ni sianobakteria. Juu yana utando unaozuia klorini, na chini yanazama kwenye vitundu vya saruji. Ndiyo maana yanakaa kwenye maungio wakati kigae chenyewe, kilichong'aa, kiko safi. Bila kuvunja utando huo, klorini ya 16 inapita juu tu.

Brashi ni ya waya wa chuma kisichoshika kutu. Ya waya wa kawaida inaacha vipande vinavyogeuka madoa ya kutu. Nasugua kila doa mpaka litoe wingu jeusi kama moshi, na ninasugua wakati klorini iko juu, si kabla. Wapo wanaosugua kwa kidonge cha klorini moja kwa moja. Kinaua, lakini asidi yake inakula saruji, na maungio yangu tayari yamechoka.

Mengi yamefifia na kuwa kivuli. Yaliyogoma ni yale ya kona ya mwembe, mahali ambapo saruji imeachia nyufa.

Tulipo leo

Klorini naiacha ishuke yenyewe na kuishikilia kati ya 5 na 7, natumia poda tu, kidogo kila jioni. Vidonge nimeviweka kwa ajili ya safari. Poda nayo ina gharama yake: kila 10 ya klorini inaongeza ugumu wa maji kwa 7 hivi, kwa hiyo ukoko mweupe kwenye mstari wa maji nitaupata siku moja. Watoto wanaruhusiwa kuoga tena.

Kazi iliyobaki ni ya fundi vigae: kutindua maungio ya ile kona na kuyajaza upya kwa groti ya epoksi, isiyo na vitundu. Tutashusha maji hadi chini ya kona hiyo tu, na ni lazima iwe kabla ya masika. Mzee jirani amekubali matawi mawili ya mwembe yakatwe, kwa sharti kwamba embe zilizoko juu yake ni zake.