Tesla yumo ndani ya mota hii

Jioni hii nimemaliza kusuka upya mota ya mashine ya kusaga ya mama mmoja wa mtaani kwetu, na muda wote mawazo yangu yalikuwa kwa mvumbuzi Nikola Tesla. Mwaka 1888 alipewa hataza (haki za kisheria za uvumbuzi) Marekani za mota zinazofanya kazi kwa kanuni hii hii: koili (waya uliosukwa) zimepangwa duara, umeme unapishana kutoka fezi (mkondo) moja hadi nyingine, basi usumaku unazunguka na rota, sehemu ya ndani inayozunguka, inaufuata. Hakuna brashi (vipande vya kupitisha umeme kwa kusuguana) za kulika wala waya unaoingia kwenye rota! Nimesuka nyingi, na bado kila inaponguruma nafurahi.

Alizaliwa Smiljan, katika Kroatia ya leo, mwaka 1856. George Westinghouse, mfanyabiashara wa umeme wa Marekani, alinunua haki za hataza zake, na kwa kuzitumia, mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukafika mji wa Buffalo.

Alifariki Januari 1943, peke yake, katika chumba cha hoteli New York, akiwa na madeni. Hilo linaniuma sana. Mtu huyu alistahili uzee wa raha. Vijana wangu wa karakana huwa nawasimulia habari zake kabla hawajashika waya.