Kamba yenye mafundo mawili

Tangu tumzike Baba, watu wananiambia alikuwa mtu mwema. Ni kweli, na nawashukuru kwa kunikumbusha. Lakini neno hilo peke yake halinitoshi. Wema wa Baba ulikuwa na urefu na upana wa mabega, na uliandikwa kwa penseli kwenye daftari ambalo sasa liko mezani kwangu.

Baba alikuwa seremala katika mji mdogo, mji ambao ni nadra kukuta nyumba isiyo na mlango au kitanda kilichotoka mikononi mwake. Riziki yetu ilitoka huko, kwenye milango na vitanda. Majeneza hayakuwa biashara. Wenye uwezo walinunua yaliyo tayari kwingine. Waliokuja kwake ni wale waliokwama: mjane aliyemaliza kila kitu kwenye matibabu, mpangaji aliyefia chumbani bila ndugu, wazazi waliofiwa na mtoto mchanga. Mara nyingi walikuja usiku. Walisimama mlangoni wasijue waanze vipi, na Baba hakuwaacha waanze. Aliwaambia, "Poleni sana. Nakuja," akaenda kuvaa shati.

Hakupima kwa tepu. Alisema tepu ina mlio wa chuma, na mfiwa asisikie mtu wake akipimwa kama mlango. Alikuwa na kamba ya katani. Aliingia, akavua kofia, akapiga ishara ya msalaba na kuomba kwa sauti ya chini kabisa. Kisha aliinyoosha kamba kutoka utosini hadi nyayoni, akafunga fundo la kwanza. Akarudi mabegani, akafunga la pili. Kamba ikaingia mfukoni. Yote hayo hayakufika hata dakika moja, na wengi waliokuwa chumbani hawakujua kwamba kazi imeshaanza.

Jeneza lake lilikuwa pana mabegani na lenye kupungua kuelekea kichwani na miguuni. Ubao wa ubavuni ni mmoja, mzima, kwa hiyo lazima upinde pale penye bega, na ubao mkavu ukilazimishwa unavunjika. Basi kwa upande wa ndani Baba alikata kwa msumeno mikato mitano au sita iliyokaribiana, mikato inayoingia ndani zaidi ya nusu ya unene wa ubao bila kutokea upande wa pili. Kazi yangu ilikuwa birika. Nilimimina maji ya moto juu ya mikato, polepole, kutoka juu kwenda chini, huku yeye akiuvuta ubao kidogo kidogo mpaka midomo ya ile mikato ikafumba. Hapo hakuna aliyesema neno. Ungesikia mlio mdogo tu, ujue ubao umekwenda. Nilikabidhiwa birika nikiwa na miaka tisa, na hadi leo nikimimina maji ya moto mahali popote mkono wangu unatulia wenyewe.

Maranda hatukuyatupa. Mama aliyachagua, yale marefu na laini yaliyotoka kwenye randa, akayatia ndani ya kitambaa cheupe na kushona mto. Ndiyo maana siwezi kusema ilikuwa kazi ya Baba peke yake.

Majeneza ya watoto ndiyo pekee aliyoyafanya bila sisi. Alifunga mlango wa karakana, na hatukuruhusiwa hata kumshikia taa.

Watu walidhani mtakatifu wake ni Yosefu, kwa sababu ya useremala. Alimheshimu sana, lakini aliyempenda ni Tobiti. Sisi ni Wakatoliki, na tulifundishwa tukiwa wadogo matendo saba ya huruma ya kimwili. Sita kati ya hayo yamo katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo: kulisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu na yale mengine. La saba, kuzika wafu, halimo humo. Mizizi yake iko katika kitabu cha Tobiti, kimojawapo cha vitabu vya Biblia ya Kikatoliki, na Baba alitusomea kitabu hicho mara nyingi kuliko kingine chochote. Tobiti yuko uhamishoni Ninawi. Ni sikukuu ya Pentekoste, chakula kizuri kimeandaliwa, naye anamtuma mwanawe Tobia akatafute maskini wa kula pamoja nao. Tobia anarudi na habari kwamba mtu wa kabila lao amenyongwa, maiti imetupwa sokoni. Tobiti anainuka kabla hajaonja chochote. Anaibeba ile maiti, anaificha hadi jua lizame, kisha anachimba kaburi na kuizika. Majirani wanamcheka.

Baba akifika hapo alifunga kitabu huku kidole kikiwa ndani. Siku moja nilimuuliza kwa nini walimcheka. Akasema, "Kwa sababu ameshapoteza mali yake yote kwa kazi hiyohiyo, na bado hajaacha."

Sitaki mtu asome hapa akadhani nyumbani kwetu tuliishi na malaika. Mama alisubiri kabati kwa miaka kumi na moja. Nguo zetu zilikaa kwenye masanduku chini ya kitanda, nyumbani kwa seremala. Kila alipopata mbao nzuri Baba alizisimamisha ukutani na kuziandikia kwa penseli kwamba ni za kabati, na kila mara mtu alibisha hodi usiku. Mama hakukataa hata mara moja. Alishona mto kama kawaida. Ila mimi nilimwona asubuhi moja amesimama karakanani akiutazama ukuta uliobaki mtupu, na nilimkasirikia Baba kwa siku nyingi. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sijawahi kumwambia, na hilo linaniuma.

Kwetu watoto alikuwa mpole kupita kiasi. Jumapili jioni alituchongea penseli za wiki nzima kwa patasi, na ziliacha ncha yenye pande bapa hivi kwamba shuleni penseli yetu ikipotea ilirudishwa bila ubishi.

Daftari nimelisoma mwanzo hadi mwisho. Kila mstari una jina, urefu, mabega na tarehe. Hakuna safu ya fedha. Mahali pa jina, mara tatu ameandika "mgeni", na chini yake ameandika siku na saa ya mazishi, nadhani ili kama ndugu wangetokea baadaye pawe na mtu wa kuwaeleza.

Alipofariki, kaka alichukua kamba ileile akampima. Karakanani palikuwa na mbao za kutosha, zile za kabati. Kaka alizigusa, akamgeukia Mama. Mama akasema, "Hizo hapana." Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema hivyo. Wanaume wa parokia wakaleta mbao nyingine kabla ya saa sita. Nilishika birika. Ubao wa kwanza ulivunjika mikononi mwa kaka. Wa pili ukakubali. Mama alishona mto.

Kabati lilikamilika baada ya miezi mitatu. Mlango wa kushoto unagusa chini kidogo, maana kaka bado anajifunza. Kabla hajapaka vanishi alitaka kupiga msasa kila mahali, Mama akamzuia upande wa ndani wa mlango ule. Ukiufungua unaona maandishi ya penseli, yale ya herufi kubwa zilizolala kidogo kulia: MBAO ZA MAMA WATOTO. ZISIGUSWE.