Nyaya za USB-C hazifanani jamani

Jana tumebishana na washkaji karibu saa nzima, wao wanasema tangu Umoja wa Ulaya ulazimishe simu mpya zinazouzwa kwake ziwe na USB-C, lile tundu dogo la chaji na data, yaani kuanzia 28 Desemba 2024, basi waya wowote ni sawa tu. Hapana aisee! Sheria imesawazisha tundu, ila ndani ya waya mambo ni tofauti kabisa. Mimi nilihamisha video zangu kwa waya uliokuja na simu nikasubiri weee mpaka nikachoka, kumbe nyaya nyingi za chaji zinapitisha data kwa spidi ya USB 2.0, megabiti 480 kwa sekunde, teknolojia ya mwaka 2000 hiyo, nikachomeka mwingine wa gigabiti 10 kwa sekunde, tundu lile lile, kazi ikaisha fasta. Umeme nao hivyo hivyo, kuna waya wa wati 60 na wa wati 240, na kwa macho mara nyingi huwezi kuzitofautisha. Inaniuma sana hii, watu wananunua bila kujua. Waandike wati na spidi kwenye waya wenyewe, siyo kwenye boksi linalotupwa siku hiyo hiyo.