Siku Moja Maishani Mwangu: Nasoma Kloriti, Nairobi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko Donholm, nangoja matatu. Jogoo Road ikishajaa foleni huwezi kufika Eneo la Viwanda kwa wakati. Kazi yangu ni kemia ya madini: tunatafuta shaba na dhahabu zilizojificha chini ya udongo kwa kupima chembe za madini, kama kloriti, ambazo zenyewe hazina bei sokoni.

Saa mbili. Fundi wetu wa kukata mawe, Mzee kwetu sote, ameshazigandisha sampuli za Migori kwenye vidonge vya gundi ngumu. Nazing'arisha kwa unga wa almasi hadi mikwaruzo iishe. Hapa sina haraka: mkwaruzo hushika uchafu, na leza, mwali unaochoma kijisehemu cha jiwe ili tujue kina nini, itaupima uchafu huo kana kwamba ni mwamba.

Saa nne, hadubini. Hii ndiyo saa niipendayo. Natafuta kloriti, madini ya kijani yenye tabaka nyembamba kama kurasa. Maji ya moto yanayoleta shaba hupenya mbali kuliko shaba yenyewe, na kloriti inayozaliwa humo hubaki na alama. Huko Batu Hijau, mgodi wa shaba na dhahabu Indonesia, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba ukilinganisha elementi mbili, titani na stronti, zilizomo kidogo ndani ya kloriti, titani inapungua kadiri unavyosogea mbali na kitovu cha shaba, na dalili hiyo inasomeka hadi karibu kilomita 5. Yaani jiwe ambalo wengi wangelitupa linakuonyesha pa kwenda!

Ila Migori ni habari nyingine. Miamba yake ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, imekandamizwa na kupata joto, na joto hilo peke yake limezalisha kloriti kila mahali. Shaba ya Macalder, mgodi wa huko Migori, nayo ilijengeka sakafuni mwa bahari ya kale, si kwa njia ya Batu Hijau. Hesabu za Indonesia hazibandikwi hapa hivihivi. Kwa hiyo natazama kwanza: kloriti hii imekaa kwenye mshipa wa kwatzi pamoja na pairiti (madini ya chuma na salfa), au imelala kufuata mikunjo ya mwamba mzima? Ile ya mshipani, ambayo huenda ilizaliwa na maji ya moto, naizungushia alama. Nyingine naipima kwa kulinganisha tu.

Saa saba, chapati madondo kibandani.

Saa nane tunafungua majibu ya leza ya sampuli za awali. Mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo kazini anaruka: "Madam, titani imepanda, tumekaribia?" Tunaufuata mstari wa kipimo pamoja. Titani imechomoza ghafla katikati, kisha ikashuka. Leza imegonga punje ya rutili, madini yaliyojaa titani, iliyofichwa ndani ya kloriti. Tunakiondoa kipande hicho cha kipimo, na anaendelea na kinachofuata bila kuambiwa.

Saa kumi na nusu nampigia mwanajiolojia wetu aliyeko Migori. Anataka kujua achoronge wapi. Namwambia asubiri, aniletee kwanza mwamba mbichi usiooza kutoka upande wa mashariki. Anaguna, maana mtambo hulipiwa hata ukiwa umelala. Nasisitiza. Atavituma vipande kwa basi la usiku.