Siku moja maishani mwangu: afisa mazingira kwenye stesheni inayojengwa upya

Saa 10:45 alfajiri

Nafika saiti kabla wenzangu wa zamu ya usiku hawajavua rifleksa. Ukisubiri kusoma ripoti yao saa tatu, mengi yameshasahaulika. Stesheni yetu haifungwi kwa sababu ya ujenzi. Treni ya mwisho hupita karibu na saa sita usiku, ya kwanza huanza saa kumi na moja na robo, na hapo katikati umeme wa njia unazimwa, watu wetu wanashuka relini. Kila kazi isiyowezekana abiria wakiwepo inasukumwa kwenye saa hizo chache: kung'oa reli, kukata jukwaa la zamani, kushusha vyuma vya paa. Kwa hiyo kazi zenye kelele kuliko zote zinaangukia wakati majirani wamelala. Kila siku yangu huanza na jambo hilo.

Fomeni wa usiku ananiambia, "Kaka, usiku umepita salama. Reli zote tumepakia." Nafungua kipima kelele kilichofungwa kwenye uzio, upande wa maghorofa. Wastani wa kila dakika 15 umo ndani ya kikomo cha kibali chetu, desibeli 55. Robo saa iliyokuwa juu kuliko zote imefika 54. Nasaini.

Saa 12:30 asubuhi

Simu inaita. Nilipeleka namba yangu nyumba kwa nyumba kabla uzio haujasimama, na wapo wanaoitumia. Huyu ni mzee wa ghorofa ya kwanza, dirisha lake la chumbani linatazama reli moja kwa moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Saa saba na dakika kumi na saba. Mara tatu."

Ana daftari la kurasa za mistari, na tangu siku tuliyoanza anaandika humo saa, idadi, na neno moja la kueleza sauti: "mlio", "mtetemo", "injini". Nimeliona. Mwandiko ni wa mtu aliyewahi kutunza kumbukumbu za kazi, na saa yake haipishani na yangu. Namwomba anipe nusu saa.

Narudi kwenye kipima kelele, safari hii siangalii wastani, nafungua vipimo vya kila sekunde. Saa saba na dakika 17, vipo: vilele vitatu, kila kimoja cha sekunde moja hivi, kila kimoja desibeli 78. Reli tatu zimeangushwa kwenye bodi ya lori.

Hapa ndipo penye jambo ambalo watu wengi wa ujenzi hawajaelezwa vizuri. Desibeli hazijumlishwi kama magunia. Chukua sekunde moja ya 78, itandaze kwenye robo saa, yaani sekunde 900, inabaki kama 48.5 tu. Tatu zikiwa pamoja, ukachanganya na mvumo wa kawaida wa mji usiku, unapata 54. Kibali hakijavunjwa, na ripoti yangu haina kosa. Lakini mtu ameamshwa mara tatu na chuma kilichopiga chuma mita chache kutoka kitandani mwake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 kuhusu kelele za makazi ulilitazama hilo kando na wastani: nje ya dirisha la chumba cha kulala, mlio mmoja usipite desibeli 60.

Nampigia tena na kumweleza yote, pamoja na lile la 54. Ananisikiliza hadi mwisho, kisha anasema, "Sawa mwanangu, nimekuelewa. Ila mimi siamshwi na wastani."

Sina la kumjibu zaidi ya kumwahidi kwamba kabla ya usiku nitampigia nimwambie nini kimebadilika.

Saa 1:15 asubuhi

Kikao cha asubuhi, watu wamesimama kuzunguka ubao. Naomba mambo mawili kwa zamu ya usiku: reli zishushwe kwa mikanda ya winchi hadi ziguse, zisiachiwe, na bodi ya lori itandikwe mipira mizito, ile tuliyonunua kwa ajili ya njia ya magari na sasa imelala stoo. Mhandisi mmoja anauliza kwa haki kabisa kama kibali kinadai hivyo. Hakidai. Namjibu kwamba kibali kinatuambia tusishuke chini ya wapi, na juu ya hapo ni uamuzi wetu. Vijana wapya huwa nawatajia Stuttgart, Ujerumani, tarehe 30 Septemba 2010, siku polisi walipotumia maji ya shinikizo kuwaondoa watu waliokuja kuzuia miti ya bustani isikatwe kupisha stesheni mpya. Watu wengi waliumia. Mradi ulikuwa na vibali vyake.

Msimamizi anakubali mipira. Mikanda, anasema, itaongeza dakika kama nne kwa kila reli. Tunakubaliana wapunguze idadi ya reli za usiku huu.

Saa 2:30 asubuhi

Abiria wa asubuhi wanapita kwenye njia ya muda, ukuta wa mbao unawatenga na jukwaa linalokatwa. Msumeno wa zege unafanya kazi huku bomba likimwagia maji kwenye meno yake. Bila maji, zege likikatwa hutoa vumbi la silika, laini kiasi kwamba lile la hatari zaidi hulioni hewani, na tangu 1997 wataalamu wa saratani duniani wameliweka kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa. Nasimama pale mpaka nihakikishe maji hayakatiki. Kipima vumbi kando ya njia ya abiria kimetulia.

Lakini maji hayo nayo lazima yaende mahali. Yanatiririka kwenye mfereji wa muda yakiwa meupe kama tui, yanaingia kwenye matangi ya kutuamisha tope. Ukilitatua tatizo la hewa unalihamishia kwenye maji.

Saa 4:00 asubuhi

Kazi ya matangi ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Yako matatu, yamepangwa kwa mteremko. La kwanza linapokea uchafu wote. La pili linatuamisha. La tatu ni la mwisho, na valvu yake inafungulia mtaro wa mvua wa mji, ambao hauna kiwanda cha kusafisha mbele yake. Unakwenda mtoni moja kwa moja.

Kijana anayeyasimamia ananiita kwa furaha. "Bosi, njoo uone, leo yametulia kabisa." Na kweli, tangi la tatu unaona hadi sakafuni, sehemu iliyochubuka rangi na skrubu moja iliyodondoka. Ameshika mpini wa valvu tayari.

Namwomba asubiri. Nachota kikombe, nachovya kipimo cha pH, kinachoonyesha ukali wa maji, tunatazama pamoja namba zikipanda: 9, 10, zinasita, 11.6.

Saruji ikikutana na maji huyaachia chokaa, na chokaa iliyoyeyuka haina rangi wala harufu. Tope huzama, ukali hubaki. Tunaruhusiwa kumwaga maji yaliyo kati ya 6 na 9, na kwa kuwa kila namba kwenye kipimo hiki ni mara kumi ya iliyotangulia, 11.6 maana yake ni ukali wa mara 400 hivi kuliko ile 9. Samaki akikutana nayo matamvua yake yanaungua. Mtu aliyesimama darajani angeona maji safi yakiingia mtoni, angesema hawa watu wa stesheni wanajitahidi.

Kijana ameachia mpini. Uso wake umebadilika, na namwambia ukweli kwamba hajakosea: alifundishwa kutazama tope, hakuna aliyemwambia kuhusu chokaa. Hilo ni pengo langu. Tunafunga valvu kwa kufuli, funguo naweka mfukoni. Kisha tunafungua mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi, tunaishusha kwa bomba lenye matundu hadi sakafu ya tangi. Zamani kwenye saiti nyingine walitumia tindikali, na ukikosea kipimo unavuka upande wa pili, maji yanakuwa makali kwa namna nyingine, na anayemimina anaweza kuungua. Gesi hii haina pupa. Mapovu yanapanda polepole, na kila robo saa tunapima: 11.1, 10.2, 9.3. Maji yanaanza kupata ukungu mweupe, chokaa ikigeuka chembe na kuanza kuzama. Saa tano na nusu tunasoma 8.1. Yeye ndiye anayeandika kwenye fomu, kwa mkono wake, na yeye ndiye anayefungua kufuli.

Saa 6:00 mchana

Mafundi wanaobomoa chumba cha boila la zamani wamesimamisha kazi wenyewe. Nyuma ya vigae kuna bomba lililofungwa kitu kama kamba ya kijivu, iliyochanika upande mmoja. Inawezekana ni asbesto, madini ya nyuzi laini zinazodhuru mapafu. Siigusi, wala simwachii mtu mwingine aiguse. Mlango unafungwa, bango linabandikwa, wenye leseni wanaitwa waje kuchukua sampuli. Waliokuwemo ndani wanavua ovaroli papo hapo, zinaingia kwenye mifuko, na majina yao yanaandikwa, kwa sababu ugonjwa wa nyuzi hizi unaweza kuchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza na mtu anastahili kuwa na karatasi ya siku hii. Nimefurahi mno kwamba walisimama bila kuambiwa. Nimewashukuru mmoja mmoja.

Saa 8:00 mchana

Mezani. Hati za malori. Mataruma ya mbao yaliyolowa kreosoti, dawa yenye sumu ya kuzuia mbao isioze, hayatoki getini bila karatasi inayosema yanakwenda wapi, maana kuna watu huyataka kwa ajili ya kuni au bustani, na hayafai kwa lolote kati ya hayo. Kokoto za reli zinagawanywa: zilizotoka katikati ya njia mara nyingi ni safi na zinarudi kazini, zilizotoka mahali injini zilipokuwa zikisimama zimenywa dizeli na grisi ya miaka mingi, hizo zinapimwa kwanza. Udongo wa chini tunautafutia matumizi. Huwa nawaza ule wa Crossrail, mradi wa reli ya mahandaki wa London: zaidi ya tani milioni 3 za udongo wa mahandaki zilipelekwa kisiwa cha Wallasea kutengeneza makazi ya ndege. Wetu ni kidogo sana, ila bado napiga simu kutafuta anayehitaji kujaza mahali.

Saa 9:30 alasiri

Nyuma ya stoo, watu sita wamekaa wakisafisha matofali ya ukuta wa zamani kwa nyundo ndogo. Yalijengwa kwa chokaa, na chokaa ni laini kuliko tofali, hivyo ukigonga inabanduka na tofali linabaki zima. Sehemu zilizowahi kukarabatiwa kwa saruji ni kinyume: saruji inashika, tofali ndilo linalovunjika. Dada mmoja ananionyesha tofali lenye alama ya vidole vya aliyelifinyanga. Tunaliweka pembeni. Matofali haya yatarudi kwenye ukumbi mpya wa tiketi, na kila moja linalorudi ni moja ambalo halikuchomwa tanuruni.

Saa 12:15 jioni

Siku za kuhesabu popo huwa ndefu. Wanaishi kwenye paa la ukumbi wa zamani, wanatoka kwa ufa mmoja chini ya mfereji wa mvua. Kabla ya kugusa upande huo lazima tujue kama wana watoto, na kila wiki nahesabu wanaotoka. Nilishaomba taa kubwa za saiti zielekezwe chini na zile za upande huu zizimwe jioni, kwa sababu ufa ukimulikwa wanachelewa kutoka na kuikosa saa ambayo wadudu wamejaa hewani.

Mwenzangu amebaki na kibonyezo cha kuhesabia, mimi natazama. Kwa dakika nyingi hakuna kitu. Kisha mmoja, kama jani lililodondoka halafu likabadili nia. Wawili. Tisa. Chini yetu treni ya wanaorudi nyumbani inaingia, milango inafunguka, mamia ya watu wanapita chini ya popo bila kuinua kichwa. Tunafika 43, wiki iliyopita walikuwa 41. Naandika kwamba upande huu haujaguswa na hautaguswa mwezi huu.

Saa 1:20 usiku

Nakwenda kuangalia lori kwa macho yangu. Mipira imetandikwa tabaka mbili. Nampiga bega fomeni wa usiku, anachukua nyundo na kugonga juu yake: sauti ni kama ya mtu kupiga godoro. Nimeweka pia tahadhari kwenye kipima kelele, mlio wowote ukipita 60 simu yake na yangu zitaita papo hapo.

Kisha nampigia mzee. Namweleza mipira, mikanda, na kwamba usiku huu reli ni chache, kuanzia saa saba kasorobo. Siahidi kimya.

"Haya," anasema, na nasikia kurasa zikifunuliwa. "Nimeandika tarehe juu. Kesho asubuhi nitakusomea."

"Nitapiga saa kumi na mbili na nusu, mzee."

"Piga saa moja. Nikilala, nataka kulala."